Sista Agripina na Sindano Isiyo ya Mbwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuuguza, Sista Agripina Mhina anastaafu tarehe 30 Juni. Wodi yetu ya magonjwa ya ndani inapumua kidogo, maana hakuna tena wa kutugombeza kwa shuka lililokunjamana, na inahuzunika zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Mzaliwa wa Kwashemshi, alianza kazi Handeni, kisha akahamia kwetu Korogwe. Kila asubuhi alifunua shuka na kulinganisha miguu ya wagonjwa, akitafuta uvimbe wa upande mmoja. Wakata mkonge wa Ngombezi walimpachika jina la Mama Miguu. Wanaume hao, waliozoea kuamka alfajiri, wakilazwa tu wanataka kunyweshwa uji kitandani! Aliwanyanyua mmoja mmoja watembee hadi dirishani. Anayelala mfululizo, alituambia, damu yake inaweza kuganda mguuni, bonge likapanda hadi kwenye mapafu na kumuua ghafla, hata kama homa iliyomleta imeshaisha.

Asiyeweza kutembea, daktari humwandikia sindano ya kuzuia damu isigande, ilimradi hana tatizo la kutokwa damu. Huchomwa kwenye ngozi ya tumbo. Hapo ndipo tulipoingia matatani na Mzee Sabiri wa Kwamsisi.

Mzee alilazwa kwa nimonia kali, hajiwezi hata kukaa. Kwetu huku sindano ya tumbo watu wanaijua moja tu: ya aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Binti yake Maryamu alimwona akichomwa, akapiga simu nyumbani. Hadi jioni Kwamsisi nzima ilijua mzee kang'atwa, mbwa wake kafungwa anasubiri rungu, na mwanawe wa kiume akafika kwa pikipiki kuuliza kama familia nzima ichomwe. Mzee akagoma. Alisema hakung'atwa na yeyote, na hatakubali kuzikwa na sifa ya kichaa.

Daktari alieleza, mzee akageukia ukutani. Siku iliyofuata ikapita bila sindano, nasi tukiogopa kila alipokohoa. Sista Agripina hakubishana. Alivuta kiti, akachanganya Kishambaa chake na Kizigua cha mzee, akamuuliza anataka nini. Mzee akataka jambo moja: mwenyekiti wa kijiji aambiwe, na watu wasikie. Sista akapiga simu hapo hapo, akaiweka spika, akatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba Mzee Sabiri ana akili timamu na mbwa wake afunguliwe. Wodi nzima ilicheka. Mzee akafunua tumbo mwenyewe.

Kisha Sista akalinganisha miguu. Ilikuwa sawa yote miwili, na tulishukuru Mungu waziwazi. Wiki iliyofuata mzee alitoka akitembea.

Tangu hapo, muuguzi mgeni akija kwetu hufundishwa kwanza kumwambia mgonjwa kwamba hii si ya mbwa.

Sista, mgonjwa aliyepona hurudi kushukuru. Aliyeepushwa hajui hata alichoepushwa. Saa hizi yuko shambani anapalilia, au sokoni anabishania bei ya nyanya. Watu hao ni wengi, Handeni na Korogwe, na hawatakuja kwenye sherehe yako. Basi tunakushukuru kwa niaba yao. Mungu akujalie ustaafu mwema.