Kufuli kwenye Mlango wa Kijani

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliokalia matofali, pale njia ya magari inapoishia na uchochoro unapoanza, na anayekaa ncha ya kushoto sharti aage kabla hajainuka, la sivyo wenzake wataenda chini. Asubuhi ile ncha hiyo ilikuwa ya Fundi Pindo, mshona nguo, utepe wa kupimia shingoni na ufunguo ukining'inia kifuani kwa uzi mwekundu. Katikati alikaa Redio, kinyozi, ambaye habari za mtaa humfikia kabla hazijatokea. Ncha ya kulia alikaa Wakili, fundi wa kupaka rangi aliyewahi kuitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. Mbele yao Mama Birika alimimina kahawa. Mungu awasamehe, wote walikuwa na kazi zinazowasubiri.

Shida ilikuwa ya Pindo. Alikuwa amepata chumba kwa Baba Mapacha, chenye mlango wa kijani, akatoa pesa ya kushikia, na kama wafanyavyo watu wa mtaa huo akatundika kufuli lake mlangoni, ijulikane chumba kimepata mtu. Kabla hajahamia, mama mkwe akaugua, ikabidi aje kukaa naye na mkewe. Chumba kimoja na mama mkwe! Pindo ni mtu wa sala, na aibu anaijua. Akahangaika mpaka akapata vyumba viwili kwa mjane mmoja, lakini mjane alitaka malipo leo kabla ya jua kuzama, vinginevyo anampa mwingine. Kilichopungua ni ile pesa iliyolala kwa Baba Mapacha. Na mama mkwe anafika Ijumaa.

— Hiyo isahau, kaka, alisema Redio. Imeshaliwa.

Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo, kwamba Baba Mapacha alichukua pesa ya kushikia chumba hichohicho kwa watu saba. Kahawa ilipoongezwa, wale saba wakawa kumi na mbili. Ilipoongezwa tena, chumba chenyewe kikawa hakipo.

— Ule mlango umebandikwa tu ukutani. Nyuma yake hamna kitu.

— Niliingia, alisema Pindo. Nilipima dirisha nishone pazia.

— Ulipima. Ulilala?

Pindo alikiri kwamba hakulala, na Redio akapuliza kahawa yake kama mtu aliyeshinda.

Wakili alikohoa. Alisema mambo ya mtaani tuyaweke kando, tuje kwenye sheria. Pesa yako ikikaa kwa mtu mwezi mzima, umemkopesha. Ikizidi mwezi, wewe ni mbia wake. Kwa hiyo nyumba ya Baba Mapacha, kuanzia msingi hadi bati, nusu ni ya Pindo.

— Nusu ipi? aliuliza Mama Birika.

— Yenye choo.

Pindo alicheka kwa adabu. Lakini kulikuwa na jambo hajalisema pale benchini. Kwa Baba Mapacha hajawahi kwenda kuidai hiyo pesa. Mara mbili Baba Mapacha mwenyewe alikuja mpaka dukani, na mara zote mbili Pindo alimwona kwa mbali akajichimbia chini ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa, akiamini amekuja kudai kodi kamili. Mara ya pili alikuwa ametoka kusali muda huohuo. Nyumbani akamwambia mkewe, nimeshaongea naye, anasema tusubiri. Uongo huo ulimwasha kuliko ukosefu wa pesa. Usiku aliomba msamaha kwa Mungu, asubuhi akashindwa kumwomba mkewe.

— Imebaki njia moja, alisema Wakili. Ufe.

— Nife?

— Si kufa kabisa. Mimi na Redio tunakwenda kwake na nyuso za msiba. Tunamwambia marehemu aliacha pesa yake hapa. Nani atathubutu kula pesa ya marehemu?

— Na akitaka kuja kunizika?

— Utalala kidogo.

— Wakili, leo asubuhi nimesali. Nikamwambie nini Mungu?

Redio alikuwa ameanza kugawa kazi, nani alie na nani akusanye rambirambi, ndipo dada mmoja aliposimama mbele yao. Kichwani alikuwa na godoro lililofungwa kamba, mkononi ndoo iliyojaa vyombo, na unga umemganda kwenye nyusi kama mtu wa tanuri la mikate. Alitua mzigo, akawaamkia mmoja mmoja.

— Samahanini kaka zangu. Lile kufuli la mlango wa kijani, kwa Baba Mapacha, ufunguo anao nani?

Redio alimtazama Wakili. Wakili aliangalia ndani ya kikombe. Mama Birika alitazama kifua cha Pindo.

Dada akaeleza kwamba chumba kile amepewa yeye, ila haingii. Baba Mapacha amekataa kuvunja kufuli. Anasema kufuli la mtu halivunjwi maadamu mwenyewe yu hai. Baba Mapacha alisikia mitaani kwamba mwenye kufuli hakitaki tena chumba, na pesa yake anatembea nayo mfukoni amrudishie, lakini kila akimfuata kazini anakuta pasi ina moto na mtu hayupo.

— Afadhali hukufa, alisema Mama Birika.

Pindo aliinuka bila kuaga. Ubao ukabinuka, Wakili akaenda chini na kahawa yake.

Pindo aliporudi kutoka kwa Baba Mapacha, kufuli lilikuwa mkononi na pesa mfukoni, bado imefungwa kwa uzi mwekundu alioufunga mwenyewe siku ile, fundo halijaguswa. Baba Mapacha alimwambia neno moja tu: fundi, nilidhani umenichukia. Pindo akamweleza habari ya chini ya meza, wakacheka mpaka wale mapacha wakatoka nje kuona kuna nini. Sasa alijisikia mwepesi, kama aliyetua gunia. Alisema anapitia nyumbani kwanza, kuna jambo la kumwambia mkewe, kisha kwa mjane.

— Unaona sheria inavyofanya kazi, alisema Wakili, akikung'uta suruali.

— Nashukuru, ndugu zangu. Kitu kimoja tu. Kesho nahama. Nani atanisaidia kubeba kitanda?

Redio alikumbuka kuna kichwa alichokiacha nusu. Wakili alinyoosha kikombe kwa Mama Birika. Mama Birika akainamisha birika mpaka mdomo ukaangalia chini. Halikutoka hata tone.

Mwishowe Wakili akaweka kikombe kitupu chini.

— Cha mbao au cha chuma?