Saba Mbili za Brashi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi ni mimi, kwa hiyo nasikia hata yasiyonihusu. Siku hiyo raha ilikuwa imetuzidi. Brashi, fundi viatu wetu, alikuta kwenye chenji sarafu kuukuu, nyeusi kama sufuria, ambayo ile saba, tarakimu ya mwisho ya mwaka wake, ilipigwa chapa mara mbili, moja ikichungulia nyuma ya mwenzake. Alituma picha yake kwa mama mmoja mkusanyaji wa sarafu, naye akajibu kwamba zenye kosa hilo ni adimu, anakuja jioni, na akiridhika Brashi atapata bei ya banda zima. Brashi hajawahi kuwa na banda. Mvua ikinyesha hukumbatia viatu vya watu akakimbilia kwangu, tukabanana na wateja walionyolewa nusu kichwa. Mkewe alikuwa keshachagua rangi ya mlango.

— Banda tu? — akasema Wakili, aliyepata jina hilo kwa kuwa shahidi mahakamani mara moja. — Anakupunja huyo. Dai ghorofa.

Dokta, muuza dawa ya panya, akaweka kikombe cha kahawa chini.

— Ghorofa ya nini? Sarafu hizi ziko mbili tu duniani. Ya pili amezikwa nayo tajiri mmoja, warithi wasigombane.

— Ulikuwepo mazishini? — akauliza Wakili.

— Nilipita karibu.

Brashi aliigeuza sarafu kiganjani, hana raha.

— Lakini ndugu zangu, chafu hivi nitampaje mtu? Mimi hata kandambili haitoki mkononi mwangu bila kung'aa.

— Kizuri chajiuza — akasema Wakili. — Sugua.

Brashi akachukua brashi. Dokta akatoa mfukoni limau lake la kikohozi, akalikamulia juu ya sarafu. Mimi mchango wangu ulikuwa kupuliza povu.

— Sasa fikirini — Wakili akaendelea. — Saba mbili maana yake mwaka ule ulirudiwa. Ndiyo maana mimi nilizeeka ghafla.

— Wewe ulizeeka kwa uvivu — akasema Dokta. — Aliyepiga chapa hakukosea. Ile ni alama. Ukiifikisha kiwandani kwao, wanasimama wote, wanakukabidhi funguo.

— Za kiwanda?

— Za kiwanda na gari la meneja.

Brashi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Huku anacheka, akavuta kipande cha msasa wa soli.

— Kidogo tu, hapa penye weusi sugu.

— Haraka haraka haina baraka — akaonya Wakili. — Kwa hiyo sugua upesi tumalize mapema.

Akasugua. Sarafu ikang'aa, tukaanza kupokezana kujitazama meno. Brashi akatuonyesha kwa mkono litakaposimama banda, rafu hapa, dirisha pale.

— Na nyie mtakaa ndani — akasema. — Kahawa mtanywea ndani kama watu.

Nilifurahi kwa ajili yake kama ndugu yangu wa damu.

Mama mkusanyaji akafika, akasalimia, akaketi katikati yetu. Akatoa lenzi ndogo. Akaitazama sarafu, akaitazama picha kwenye simu, akairudia sarafu.

— Samahani, baba — akamwambia Brashi kwa upole. — Saba ya pili iko wapi?

Dokta akatazama ndani ya kikombe. Wakili akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Brashi aliutazama msasa wake. Ulikuwa na vumbi jeupe linalometameta.

Tone la kwanza la mvua likaangukia benchi. Brashi akainuka, akaanza kukusanya viatu vya watu. Nikaenda kumfungulia mlango. Wakili, ambaye sijapata kumwona akibeba hata kikombe chake mwenyewe, alichukua viatu vinne.