Traugott Apakwa Floraidi

Benchi letu liko nje ya duka la mikate hapa Tanunda, bonde la mizabibu la Australia, na asubuhi ile kahawa ilikuwa ikipoa kwa wingi wa umbea. Traugott, tunayemwita Pipa, ni jaji wa mvinyo wa bonde zima, mwaka wa ishirini na tisa huu. Kuonja kumemla meno mpaka yamekuwa membamba kama kucha. Akigusa kitu cha baridi, ganzi na machozi. Kamati ikamwambia: Jumamosi kuna chupa arobaini za baridi, ukishindwa kiti anapewa shemeji yako Edgar. Na Edgar huyo alikuwa kakaa ubavuni kwangu, uso umemnawiri kama bwana harusi.

— Pipa anapakwa floraidi kwa daktari wa meno, nikawamegea. Mara ya tatu sasa.

— Uuu! akaruka Gerlinde, yule Redio wetu. Hiyo inaua ulimi! Binamu yangu alipakwa, hajui tena siki na asali.

— Binamu yako hakuwahi kujua, nikamjibu. Tumekula mapishi yake.

— Inaganda kama saruji, akasema Edgar. Mvinyo wote unakuwa maji ya bomba.

— Bora maji! Redio akashusha sauti. Nasikia mwisho wake mtu anaanza kupenda bia.

Benchi zima likageuka kuangalia nani kasikia. Bonde hili, maneno hayo hayasemwi mbele ya watu.

Mara huyo Traugott, anatembea kifua mbele.

— Daktari Thuy kanigombeza! akasema. Miaka yote nikimaliza kuonja nakimbilia mswaki, nasugua weee, nisiende kanisani na meno meusi. Kumbe mvinyo umeshalainisha jino, nami nalikwangua likiwa laini! Sasa nasukutua maji, nangoja saa nzima. Na floraidi yake inalikaza jino.

— Maneno tu hayo, shemeji, akasema Edgar.

Akaenda kwenye gari, akatoa barafuni chupa isiyo na karatasi ya jina. Akamimina, glasi ikatoa jasho. Traugott akapiga funda, akauzungusha kwenye meno, akavuta hewa mpaka ikapiga mluzi. Sote macho shavuni kwake. Halikutikisika! Akautema kwenye maua ya duka, akapiga la pili.

— Shamba la mawe, upande wa mashariki. Wako huu, Edgar. Umechelewa kuvuna siku tatu.

— Mbili! akafoka Edgar.

Tulipiga makofi hadi mwoka mikate akatoka na unga mikononi. Hata Redio alikuwa anarukaruka, eti yeye alijua tangu mwanzo.

Leisale, mchuma zabibu aliyetoka visiwa vya Vanuatu juzi tu, alikuwa kwenye foleni ya mkate.

— Samahani, wazee wangu. Nyie mnaoijua sana hiyo floraidi, nani amewahi kukaa kwenye kiti cha huyo daktari?

Redio akaanza kutafuta kitu mkobani. Mimi nikatazama viatu vyangu. Edgar, kwa kukosa pa kuficha uso, akaidaka ile glasi akapiga funda kubwa. Shavu likaruka, jicho likajaa machozi.

Traugott akamwekea mkono begani.

— Jumatatu saa tatu asubuhi kwa Daktari Thuy, shemeji. Jumamosi nina kazi.