Fimbo ya Jumatatu ya Pasaka

Jumamosi Kuu, ndani ya treni ya Mwanza, kijana Pantaleo alitoa mkobani fimbo ya fito laini zilizosukwa kama nywele, ina utepe mwekundu nchani. Bibi Melania, aliyeketi naye daraja la tatu, akauliza, “Na hii inaswaga ng'ombe gani?”

“Si ng'ombe, bibi, ni wasichana,” akacheka Pantaleo, aliyekuwa anarudi kutoka masomoni Chekoslovakia. “Kule Jumatatu ya Pasaka vijana huwachapa kidogo miguuni, nao wasichana huwapa mayai ya rangi. Nawapelekea wenzangu wa kwaya Isaka, tuanzishe.”

“Mayu we! Kwaya anayoimba mjukuu wangu Limi?” Bibi akaichukua, akaigeuzageuza. Aliyeisuka, kusema kweli, alikuwa na mkono mzuri. “Bwana Yesu alichapwa Ijumaa, yakaisha. Na alfajiri ile waliokwenda kaburini na manukato ni akina nani? Wanaume walikuwa wamejifungia ndani! Leo wanawake ndio wachapwe?”

“Mchezo tu, bibi. Wenyewe wanacheka.”

“Wewe ukichapwa utacheka?”

“Mimi mwanamume.”

“Ehee! Kumbe unajua.”

Treni ikapunguza mwendo, wakaingia Isaka. Pantaleo akashusha sanduku lake, akanyoosha mkono. “Bibi, fimbo yangu.”

Bibi Melania akailaza kwenye benchi, akatandaza kanga juu yake taratibu, akaikalia.

“Shuka, baba, treni haingoji. Kesho kanisani nisalimie Limi.”