Mzee Crisanto Aachia Kiti cha Mwimbaji

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Crisanto Bermejo anastaafu rasmi baada ya kuiimbia warsha yetu ya flamenko, ngoma yetu ya Kihispania, hapa Jerez kwa miaka ishirini na saba. Nasema rasmi kwa sababu alishastaafu mwaka jana, na wote mnajua ilivyokwisha.

Alitujia akiwa kinyozi wa mtaa wa Santiago, aliyekuwa akiimba mpaka wateja wanasahau walikuja kunyolewa. Tangu hapo amekaa kando ya mpiga gitaa akivumilia kila jaribio langu. Mimi ndiye ninayefundisha kucheza, na ni mimi niliyeamua kwamba mabingwa na wanagenzi wacheze pamoja. Mwaka niliowachezesha kwa kandambili, aliimba hadi mwisho bila kulalamika, kisha akasema ile miguu inasikika kama dagaa wanakaangwa, na akauliza limau liko wapi.

Kwetu mwimbaji hamwongozi mchezaji, humsubiri. Mchezaji akipiga mguu kuita, sauti inaingia. Akipiga kufunga, inanyamaza. Sasa wachezaji wetu wengine hupiga mguu kwa sababu tu wamejikwaa. Mzee Crisanto alijua kutofautisha wito na ajali.

Mwaka jana alipoaga, hatukupata mwimbaji, nami nikajitia ujanja nikaleta spika. Siku ya onyesho, Eladio, mwenye bucha, akapiga mguu kufunga. Spika ikaendelea. Akapiga tena. Wapi! Jamani, Eladio ni mtu wa kilo zake. Alikuwa amelowa chapachapa, akitutazama kwa macho ya kuomba msaada, wala hathubutu kushuka jukwaani ngoma haijafungwa, maana kwetu hiyo ni aibu. Mzee Crisanto, aliyekuja kama mgeni, aliinuka na glasi yake ya divai, akang'oa waya ukutani, akaufunga wimbo kwa sauti yake mwenyewe. Jumatatu akarudi kazini.

Safari hii daktari wa koo amesema basi. Na bila mwimbaji, warsha inakufa. Nisiwafiche, nililia. Mzee Crisanto akamtaja Bi Obdulia, yule mama wa duka la nyuzi anayecheza safu ya nyuma. Nikakataa katakata. Nikamwambia huyo huchelewa kila hatua, hata makofi huyapiga wenzake wakishamaliza.

"Hachelewi, binti," akanijibu. "Anasubiri. Wewe ndiye uliyempa kazi isiyo yake."

Alhamisi iliyopita Bi Obdulia alikaa kwenye kile kiti cha mwimbaji. Eladio akapiga mguu, sauti ikaingia: nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini mahali pake hasa. Akapiga kufunga, ikanyamaza papo hapo. Eladio akamkumbatia, jasho na yote. Nilipogeuka kumtafuta Mzee Crisanto, hakuwepo. Nilimkuta nje kwenye ngazi, sikio mlangoni, machozi yanamtiririka, akanikaripia kwa kuliacha darasa.

Mzee wetu, asante kwa sauti uliyotupa mpaka ikaisha. Tunakuombea siku za raha, wewe na koo lako. Alhamisi hii tafadhali baki nyumbani. Hatuna haja nawe tena, na hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ulizotuachia.