Usikate Anashuka Ngazi za Chumba cha Mashine

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka arobaini na moja ya kupanda ngazi zile za mbao zinazolia, fundi wa mashine wa sinema yetu anastaafu. Jina lake la kwenye vyeti linajulikana na ofisi ya mishahara peke yake, tena nayo imewahi kulikosea. Mji mzima unamwita Usikate. Hata mkewe akija kumfuata kazini huuliza kama Usikate yupo.

Mwandishi wa wasifu huu anauza tiketi na chai dirishani, mwaka wa ishirini na sita sasa. Kamati ya maandalizi ilimpa kazi hii kwa maelezo kwamba yeye ndiye anayejua kuandika. Juu ya zawadi hakuulizwa, ndiyo maana imenunuliwa saa ya ukutani.

Kwa wageni, historia kidogo. Jumba letu lilikuwa ghala la mbao. Mwenyewe, marehemu mfanyabiashara wa mbao, aliweka viti 214, akapaka kuta rangi ya damu ya mzee, akanunua mashine moja ya kuonyeshea filamu. Wenzake walimwambia sinema inahitaji mashine mbili, maana filamu huja katika makopo matano, na mkanda wa kopo moja ukiisha, mashine ya pili ndiyo hupokea. Akajibu kwamba ana mke mmoja, nyumba moja na baiskeli moja, na hajawahi kukwama. Basi kila kopo lilipoisha taa ziliwashwa, fundi akabadilisha mkanda, watu wakasimama kujinyoosha. Filamu moja, mapumziko manne.

Mji ukazoea, kisha ukanogewa. Katika mapumziko hayo watu walikunywa chai, walipatana, walikosana, na muuza nyama alisimama juu ya kiti kutangaza nani muuaji. Alikosea karibu kila mara, lakini hakuwahi kukosa wasikilizaji.

Usikate alikuja hapa kuziba paa. Akiwa huko juu aliuona mkanda ukizunguka, akaomba kazi kabla hajalimaliza paa, ambalo linavuja hadi leo. Kipaji chake kilijitokeza mapema: hakungoja mkanda uishe. Alikata pale mkono unapogusa kitasa cha mlango, pale barua inapofunguliwa na mama mkwe anakohoa nje. Ukumbi mzima ulipiga kelele, "Usikate! Usikate!" Naye akakata. Jina likakaa. Siku moja dereva wa lori alimfokea kutoka chini, "Ukikata tena hapo, bwana wee, napanda huko huko!" Akakata. Dereva akapanda kweli. Alipokewa kwa kikombe cha chai, na aliposhuka alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba, kusema kweli, hakuna mahali pengine pa kukata.

Miaka kumi na moja iliyopita uongozi ulimwangukia mjukuu wa mwenye jumba, kijana mwenye shahada ya biashara na viatu visivyopenda vumbi. Alileta mashine mpya isiyotumia makopo wala mkanda: unabonyeza, filamu inakwenda mpaka mwisho. Usikate aliizunguka, akaigusa ubavuni, akatikisa kichwa. Alimweleza Meneja kwa upole kwamba vyombo vya siku hizi, bosi, ni vyepesi. Hiki kikikimbizwa mfululizo kitaungua. Kinataka kupumzika mara nne kwa kila filamu. Meneja alishukuru kupata mfanyakazi anayejali mali. Akanunua feni ya kuipepea mashine, kwa fungu la sukari ya chai, na akabandika tangazo mlangoni, lenye mhuri: MASHINE INAPUMZIKA, TUNAOMBA UVUMILIVU. Mji mzima, hadi watoto wa chekechea, ulijua ukweli. Hakuna aliyeona sababu ya kumsumbua Meneja nao.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja fundi wa kampuni iliyotuuzia mashine, kuisafisha. Meneja akajisifu jinsi anavyoitunza, akamwonyesha na feni. Yule fundi alicheka mpaka akaomba kiti.

Meneja hakumfukuza Usikate, kwa kuwa alikuwa amebakiza miezi michache tu. Alipiga marufuku mapumziko. Filamu ziende moja kwa moja, kama kwa watu waliostaarabika. Na kwa kuwa muuza saruji alikuwa ameshaomba kulipanga jumba liwe ghala lake, ilitangazwa kikaoni kwamba ukumbi usipojaa hadi mwisho wa mwezi wa tano, funguo anapewa yeye. Kazi za watu saba zilikuwa ndani ya sentensi hiyo. Meneja aliitamka akitazama simu.

Ukumbi haukujaa. Watu walikuja, wakaangalia filamu, wakaenda zao, na ikaonekana wazi kwamba hawakuwa wakija kwa ajili hiyo. Muuza nyama alilalamika dirishani kwamba amekaa saa mbili na maneno yamemjaa tumboni, na nyumbani mkewe hajaiona filamu, sasa abishane na nani? Watu mia mbili wakawa tisini, kisha arobaini. Chai ilimwagwa kwa ndoo. Usikate alisihiwa na mwandishi abonyeze hata mara moja, kwa bahati mbaya. Alikaa mikono mapajani. "Dada," alisema, "safari hii aliyeniambia nisikate ni Meneja."

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano alikuja bibi yake Meneja, mjane wa yule mfanyabiashara wa mbao. Alikaa safu ya mbele. Kwenye pazia la sinema, mkono ulifika kwenye kitasa cha mlango. Bibi akangoja. Mkono ukafungua mlango, filamu ikaendelea. Bibi akasimama, akageuka kuelekea juu: "We mwanangu, umefia huko? Kata!"

Muuza nyama akadakia: "Kata, bwana!" Kisha watu arobaini, kwa kelele za watu mia mbili: "Kata! Kata!"

Usikate akakata.

Taa zilipowaka, Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Bibi yake alimtuma chai, akamwonya isije ikawa ile ya sukari ya kubahatisha. Meneja akapanga foleni kama watu wengine. Foleni ilikuwa ndefu, akaulizwa anamshuku nani kuwa muuaji, akataja. Muuza nyama akamwambia shahada yake airudishe. Walibishana mpaka taa zikazimwa, na chai ya bibi ikafika imepoa.

Muuza saruji ameshajibiwa na bibi kwamba jumba halipangishwi. Mlangoni kuna tangazo jipya, lenye mhuri uleule: mapumziko manne kwa kila filamu, ubunifu wa Menejimenti. Tunaupongeza uongozi kwa ubunifu huo, uliokuwapo kabla Meneja hajazaliwa.

Ili kuokoa mshahara mmoja, Meneja ameamua kuiendesha mashine mwenyewe. Jumamosi iliyopita alikata wakati mtu anapiga mswaki. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walitazamana, wakaenda chooni kwa adabu.

Bwana Usikate, wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi ambazo bado tunazo. Tunakuombea afya, amani na mkeo, na siku nyingi za kulala mchana bila kuamshwa. Ila Jumamosi, baba, pita kidogo. Kijana bado anakata ovyo.