Bi Tahiya Khatib na Vanila ya Dole

Aliyetukusanya Jang'ombe asubuhi hii kwa hitma ni Bi Tahiya Khatib Ame. Alizaliwa Makunduchi tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa Mzee Khatib Ame na Bi Amne. Kwao watu hulima juu ya mawe, na ndiyo maana hadi uzeeni, akiona udongo mwekundu, aliuokota, akaunusa, akasema wenzetu wamependelewa.

Alihitimu Qur'ani chuoni, kisha akasoma skuli hukohuko Makunduchi hadi darasa la kumi. Mwaka 1979 aliolewa na marehemu Bwana Jecha Hamid wa hapa Jang'ombe, wakajaaliwa watoto wawili, Yusra na Msabah. Kwa miaka mingi aliuza tungule sokoni Mwanakwerekwe, na bei za mazao alizijua kuliko waliozipanga.

Mwaka 1991 Bwana Jecha alioa mke wa pili, Bi Biasha Kificho wa Dole. Hapa hatutamsingizia Bi Tahiya upole ambao hakuwa nao. Roho ilimuuma, na hakuficha. Bwana Jecha, akitaka kufanya uadilifu, aliligawa shamba lake la mwinukoni Dole, akampa kila mke upande wake kwa hiba, katikati akapanda mstari wa mibono uwe mpaka. Masikini, hakujua anawasha moto. Bi Biasha akipanda tungule, Bi Tahiya naye tungule. Bi Biasha akihamia pilipili mbuzi, Bi Tahiya anang'oa alichonacho apande pilipili. Akili ya kuchagua zao lenye faida alikuwa nayo tele, lakini macho yalikuwa ng'ambo ya mibono, basi kila zao alilifikia mwenzake keshavuna na bei imeshashuka. Siku Bwana Jecha aliposifu mchuzi wa tungule za Biasha, nyumba hii ilikula mchuzi mweupe, usio na tungule, mpaka watoto wakachoka.

Bwana Jecha alifariki mwaka 2012. Watu walidhani wivu utaondoka naye. Wapi! Mwaka uliofuata Yusra alimshauri mama yake apande kitu ambacho Bi Biasha hana kabisa, naye akapanda vanila. Kwa miaka mitatu haikutoa hata ua, na Bi Biasha akawa anapita anacheka. Ilipotoa, vanila ilikuwa na bei kubwa, na wageni wanaotembezwa mashamba ya viungo wakawa wanasimama upande wake. Kwa mara ya kwanza Bi Biasha ndiye aliyechungulia. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na lisipochavushwa kwa mkono kabla ya jua kukolea, huanguka. Marehemu alitumia mwiba wa mlimau uliokuwa upande wake, na kila akiifanya kazi hiyo alijigubika kanga akaipa mibono mgongo, ili mwenzake asijifunze.

Kisukari kilimwanza mwaka 2020. Septemba 2024 figo zilidhoofu, akalazwa hospitali mjini, na maua ndiyo kwanza yanaanza. Msabah yuko kazini Pemba, Yusra ndiye aliyekuwa anamuuguza. Yusra alimuuliza kama amuombe Bi Biasha ayashughulikie. Alijibu heri yaanguke yote chini kuliko Biasha kuyatia mkono. Halafu akalia, na hakuwa analilia maradhi.

Yusra alipokwenda Dole kumchukulia nguo, alikuta maganda machanga yananing'inia kila mti. Bi Biasha alikuwa akivuka mibono kila asubuhi, hakutumwa na mtu. Marehemu alipoelezwa aliuliza:

"Nani kamfundisha?"

"Anasema miaka yote alikuwa akikuona, mama. Kanga yako nyepesi."

"Anatumia kijiti au mwiba?"

"Mwiba."

"Wa mlimau wangu huo," alisema, akageukia ukutani.

Kesho yake alimwita mdogo wake, Bwana Abdulwahid, aje na shahidi mwingine. Aliusia katika thuluthi ya mali yake: "Mivanila yangu mpeni Biasha. Na mumwambie mkono wangu bado hajaufikia." Bwana Abdulwahid alipomuuliza kama ndiyo wamesameheana, akamwambia huo ni wasia, asiongeze maneno yake.

Bi Tahiya alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, akazikwa siku hiyohiyo Mwanakwerekwe. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake Bwana Abdulwahid, na mke mwenzake, Bi Biasha.

Wanaouliza mbona Bi Biasha hayumo ndani na wanawake wenzake, amefikishiwa wasia jana. Maua yamefunguka leo tangu alfajiri, na ametuma salamu kwamba akimaliza la mwisho atakuja. Mola amkunjulie Bi Tahiya kaburi lake na ampe mapumziko ya amani, na kwa asubuhi hii tu, amsitiri asione Dole kuna nini.